Sentensi Tatu za Bondeni

Ipo nchi moja, na kama hakuna aliyeifuta tangu tulipoamka basi ingali ipo, inayoitwa Jamhuri ya Shwari. Ni nchi tulivu kupita kiasi. Huko ajali haihesabiwi kuwa imetokea mpaka itangazwe, na kwa kuwa wizara yenye dhamana ya kutangaza haijapata nafasi, Shwari ina miaka thelathini bila ajali hata moja. Watu wake hufa kwa uzee tu. Wengine uzee huwakuta wakiwa na miaka minne.

Serikali ya Shwari hupenda sana maarifa. Ndiyo maana iliiruhusu Elezo, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila raia anaweza kuiandika na kuisahihisha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwanzoni palikuwa na hofu kidogo, lakini Rais alipoambiwa kwamba wananchi wataifanya kazi hiyo kwa kujitolea, hofu ikamtoka. Akaizindua mwenyewe kwa hotuba ya saa nne, akakata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, akaisifu kanuni yake kuu: neno lenye chanzo halifutwi. Akasema Shwari haina cha kuficha. Walinzi wake wakapiga makofi, bunduki wamezibana kwapani.

Miongoni mwa walioiamini hotuba ile alikuwemo Bi Sikudhani Mbaruku, mkutubi mstaafu wa mji wa Lipande. Alikuwa na miaka sitini na tatu, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, na tabia ya kutoamini jambo mpaka aone ukurasa wake. Kwa miaka thelathini na moja aliwaazima watu vitabu na kuwafuata majumbani wasipovirudisha. Alipostaafu akafungua Elezo, akakuta ukurasa wa Lipande una mstari mmoja tu: kwamba Lipande ni mji, na una hali ya hewa. Aibu ikamshika kama vile ni yeye aliyeuandika. Akaanza kuujaza. Akaandika habari za stesheni, za soko la mitumba, za kiwanda cha katani kilichofungwa, na chini ya kila sentensi akaweka tanbihi ya kueleza alikoipata.

Siku moja, baada ya kuzungukazunguka nyumbani tangu asubuhi bila kushika kazi yoyote, aliketi akaandika kifungu cha Bondeni. Kilikuwa na sentensi tatu. Kwamba miaka kumi na minane iliyopita, tarehe tisa Machi, saa tatu asubuhi, ukuta wa Bwawa la Umoja ulipasuka. Kwamba maji yaliufunika mtaa wa Bondeni na kuua watu 214. Kwamba tume ya uchunguzi ilikuta ukuta ule ulijengwa kwa saruji pungufu, na ufa wake ulikuwa umeonekana miezi miwili kabla.

Vyanzo vilikuwa vitatu: gazeti la siku iliyofuata, lililowahi kutoka kabla mhariri wake hajapigiwa simu, ripoti ya tume, na daftari la chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya. Hakuandika kwamba katika wale 214 alikuwemo mdogo wake Chausiku na wanawe wawili. Aliona hilo ni lake, si la kamusi.

*

Kifungu kilikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hakikuwepo. Mhariri mmoja aliyejiita Mzalendo Mtulivu alikuwa amekiondoa, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Kinavuruga mizania ya ukurasa."

Sikudhani hakukasirika. Alishazoea watu wanaochana kurasa. Akakirejesha, akamwandikia Mtulivu kwa adabu katika ukurasa wa majadiliano kwamba kifungu kina vyanzo vitatu, na akamkaribisha aongeze mazuri ya Lipande kadiri apendavyo ili mizania irudi. Kabla hajamaliza kikombe cha chai, kifungu kikawa kimeondoka tena. Safari hii sababu ilikuwa: "Vyanzo vipo, ila vinahuzunisha."

Wakaenda hivyo juma zima, huyu akirejesha na yule akiondoa. Mtulivu aliandika kwamba jambo lenyewe ni la zamani. Kesho yake akaandika kwamba ni la juzijuzi mno, halijapoa. Sikudhani akamuuliza, kwa heshima zote, jambo linatakiwa liwe na umri gani ndipo liandikwe. Akajibiwa kwamba hilo linafanyiwa kazi.

Siku ya nane kifungu hakikufutwa. Kilisahihishwa. Sasa kilisema kwamba Bwawa la Umoja lilijitanua, kwamba wakazi 214 wa Bondeni walihama kwa kufuata mkondo wa maji, na kwamba tume iliridhishwa na kasi ya zoezi hilo. Chini yake vilikuwepo vyanzo vilevile vitatu.

Sikudhani alikisoma mara mbili. Chausiku alipatikana siku ya nne, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Mtoto wake mkubwa alipatikana siku ya sita. Mdogo hakupatikana. "Walihama," akasema peke yake jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Ingekuwa ni ubishi wa maneno tu, huenda angechoka akaacha. Lakini juma lile redio ilitangaza kwamba serikali imeukarabati ukuta wa bwawa na kulijaza upya. Kazi alipewa mkandarasi yuleyule wa kwanza, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uzoefu wa ukuta ule. Familia mia nane kutoka mikoa ya kaskazini, ambako mvua ilikuwa imegoma miaka mitatu, zitapewa viwanja Bondeni. Waziri wa Makazi akasema hewani kwamba anayetaka kuijua Bondeni asiulize watu, maana watu wana maneno. Asome Elezo, ambako kila neno lina chanzo.

Sikudhani akaizima redio. Masika ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

*

Elezo ilikuwa na wakabidhi saba, yaani wahariri waliokabidhiwa mamlaka ya kuamua ugomvi. Walipopokea malalamiko ya Sikudhani waliitisha Baraza la Maafikiano. Liliendeshwa mtandaoni kwa siku saba, kila mhariri akiandika kama kifungu kibaki au kifutwe.

Siku ya kwanza wahariri wanne waliandika kibaki. Siku ya pili, Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, akaunti mpya mia sita zilijiandikisha katika muda wa robo saa, na zote zikaandika: "Naafiki kifutwe kwa maslai ya taifa." Zote mia sita ziliandika maslahi bila h. Saa sita na nusu zikanyamaza kwa ajili ya chakula cha mchana, saa nane zikarudi kazini. Sikudhani alipolieleza jambo hilo, mkabidhi mkuu alimjibu kwamba watu mia sita kukosea herufi ileile ni ushahidi wa umoja wa kitaifa ambao Elezo haijapata kuushuhudia.

Kisha Baraza likazikagua zile kura nne. Moja ilikuwa ya mtu anayeishi ughaibuni, hivyo hana uchungu na nchi. Ya pili ya mtu wa Lipande, hivyo ana uchungu kupita kiasi. Ya tatu mwenyewe aliiondoa, baada ya wageni wawili kumtembelea kazini kwake na kumsalimia kwa jina lake kamili. Ya nne ilikuwa ya Sikudhani. Juu yake Baraza liliandika kwamba imebainika mhariri huyu alifiwa na ndugu watatu katika tukio linalodaiwa. Kwamba mtu aliyefiwa ana maslahi binafsi katika kifo. Kwa hiyo kanuni haimruhusu kukijadili.

Alikaa muda mrefu akiitazama ile idadi, watatu. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa Elezo habari za Chausiku. Kuna mtu alikuwa amekwenda kuulizia.

Akawaandikia akiomba wamtajie ni nani basi anayeruhusiwa kuandika habari za Bondeni. Wakamjibu: mtu ambaye hazimhusu.

Lakini mkabidhi mkuu alikuwa mtu wa kanuni. Siku ya saba alitangaza kwamba hata kura mia sita hazitoshi kulifuta neno lenye chanzo, maana kanuni ni kanuni. Sikudhani alipoisoma sentensi hiyo alilia kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, na alilia kwa furaha. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga ndipo akaisoma ya pili. Ilisema: "Kwa hiyo, vyanzo vihakikiwe."

*

Uhakiki ulianzia maktaba ya Lipande. Likaja lori na wanaume sita waliovaa glavu nyeupe. Wakachukua magazeti yote ya Machi ya mwaka ule, pamoja na ya Februari na Aprili ili wasionekane kubagua, wakasema wanayapeleka kutibiwa vumbi. Sikudhani alisimama barazani akawauliza matibabu yatachukua muda gani. Kiongozi wao, mtu mpole, akasema inategemea hali ya mgonjwa.

Ripoti ya tume ilitafutwa wizarani. Jibu likaja kwa barua yenye mihuri minne, kwamba tume iliketi kweli, lakini hakuna kumbukumbu ya tume hiyo kuinuka. Kisheria, basi, ingali imeketi, na ripoti ya tume iliyoketi haisomwi.

Likabaki daftari la chumba cha maiti. Hilo lilipatikana palepale rafuni pake. Ila kurasa za juma lile zilikuwa zimegandishwa gundi, na juu yake imebandikwa kalenda yenye picha ya Rais akitabasamu. Kuibandua picha ya Rais ni kifungo cha miaka saba. Wahakiki wakaandika kwamba kurasa zipo, haziwezi kukanushwa, na haziwezi kusomwa.

Uamuzi ukatoka wenye mistari miwili: vyanzo havifikiki, kwa hiyo kifungu hakina chanzo. Kikafutwa, na safari hii hakuna kanuni iliyovunjwa.

Chini ya nakala ya uamuzi iliyotumwa kwa Sikudhani palikuwa na sahihi: Fikirini Makame, Mkurugenzi Msaidizi, Idara ya Mizania ya Kumbukumbu. Sikudhani aliivua miwani, akaivaa tena. Fikirini alikuwa mtoto wa Lipande. Katika ujana wake hakuna aliyesoma vitabu vingi kumshinda, na kadi yake ya maktaba Sikudhani ndiye aliyemwandikia kwa mkono.

Akapanda treni kwenda mji mkuu.

*

Idara ya Mizania ilikuwa ghorofa ya tatu. Ili kufika ofisini kwa Fikirini ilimbidi apite ukumbi walimoketi watu kumi na wawili, kila mmoja na simu hamsini zimepangwa mezani kama sahani za harusini. Hawakuinua vichwa. Vidole vyao vilikuwa na kazi.

Fikirini aliinuka alipomwona. Alikuwa amenenepa na nywele zimeanza kumtoka.

"Shikamoo, Bi Mkutubi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mtulivu?"

"Jumatatu na Jumatano," akasema. "Siku nyingine ni wenzangu."

Akamvutia kiti na kuagiza chai. Sikudhani alikuwa ameyapanga maneno yake ndani ya treni tangu asubuhi, lakini yote yakampotea, akabaki na lile moja tu.

"Ulikuwepo, Fikirini. Ulishika machela upande mmoja, mimi nikashika wa pili. Tulimtoa Chausiku pamoja."

Fikirini akatazama mlango, akaenda kuufunga.

"Najua, mama. Siku ile nilirudi nyumbani viatu vimejaa tope, sikuvivaa tena." Akaketi. "Lakini mama, mimi nimefuta maneno tu. Wao walikuwa wameshakufa."

"Sikuja kwa ajili ya waliokufa. Nimekuja kwa ajili ya wanaojenga."

Fikirini alivuta droo, akatoa kitabu cha miongozo, akakipekua kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kweli. Mwishowe akasema ipo nafasi ndogo. Idara inaweza kuruhusu sentensi moja katika sehemu ya Madai, nayo ingesomeka: baadhi ya watu wanadai kufa katika tukio hilo. Sikudhani akamuuliza ni nani kati yao aliyedai. Fikirini akakiri kwamba hapo ndipo penye ugumu. Hakuna hata mmoja aliyefika ofisini kujaza fomu, na bila fomu hata sentensi hiyo haitawezekana.

Akakifunga kitabu. Kisha kwa sauti ya chini sana akasema ana watoto wanne, na nyumba anayokaa ni ya serikali.

Sikudhani alimtazama, akaona kwamba mtu huyu anaogopa kuliko yeye. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mbaya, akamkuta msomaji wake. Akaaga bila kuigusa chai. Alipofika chini ya ngazi simu yake ikalia: akaunti yake ya Elezo imefungwa moja kwa moja kwa kosa la vita vya uhariri. Ilikuwa Jumatano.

*

Kilichobaki kilikuwa miguu. Alikwenda Bondeni mwenyewe.

Familia zilikuwa zimekwisha kuanza kufika. Palikuwa na rundo la mabati, mbuzi wawili watatu, na watu waliochoka kwa safari lakini wenye furaha, maana udongo ulikuwa mweusi na maji yalikuwa karibu. Wa kwanza aliyemkuta alikuwa mjane aitwaye Nyamizi, mwanamke mrefu aliyekuwa akichimba msingi mwenyewe, watoto wake watatu wakizoa mchanga. Sikudhani akamsimulia yote, tangu saa tatu ya asubuhi ile hadi siku ya sita. Nyamizi alimsikiliza ameegemea jembe. Alipomaliza, Nyamizi akauliza bila ubaya wowote:

"Chanzo chako kiko wapi, mama?"

Waziri alikuwa amewaonya kwamba watatokea watu wa kuwatisha ili wavitwae viwanja. Nyamizi akatoa simu akamwonyesha ukurasa wa Elezo: Bondeni ni eneo tambarare lenye upepo mwanana. Sentensi ilikuwa na tanbihi. Sikudhani akafungua mkoba wake, akaufunga. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kuuliza swali lile.

Akasema, "Chanzo ni mimi." Akahisi jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

Alirudi kesho yake na keshokutwa, na kila nyumba ilimuuliza lilelile. Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Aliomba kiwanja. Alitaka kuishi karibu na ukuta, autazame kila asubuhi, na siku ukianza kutoa sauti awepo wa kupiga kelele. Ofisi ya makazi ilimpokea kwa shangwe isiyo ya kawaida, ikampa kiwanja mstari wa mbele, ikampiga picha ameshika ufunguo.

Siku mbili baadaye Elezo ilikuwa na sentensi mpya: kwamba Bondeni ni salama, na hata mkutubi mstaafu Bi Sikudhani Mbaruku, aliyewahi kuwa na wasiwasi, amehamia huko kwa hiari yake. Chanzo kilikuwa gazeti la serikali, picha ukurasa wa kwanza.

Aliwaandikia wakabidhi barua ya mkono kwa kuwa hakuwa na akaunti. Aliwasihi, akawaandikia kwa jina la Mungu, waiondoe sentensi ile. Jibu lilirudi upesi kuliko majibu yote aliyowahi kupata: neno lenye chanzo halifutwi.

Familia zilizokuwa zikisitasita kule kaskazini zikafunga mizigo. Baba mmoja alimfuata kiwanjani kwake na kuku mkononi, akamwambia wamekuja kwa ajili yake. Sikudhani alimpokea kuku kwa sababu hakujua la kufanya, akaketi naye mapajani mpaka jua likawa kali.

*

Aliyemwinua pale alikuwa Nyamizi, aliyemkuta analia na kuku. Sikudhani akamwambia hataki tena aaminiwe, anataka apewe nusu saa tu wapande pamoja hadi kwenye ukuta. Nyamizi akawaachia watoto chungu jikoni, wakapanda.

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya samawati kutoka ncha hadi ncha. Walipokaribia waliona mstari mwembamba ukikata chini ya rangi kwa mshazari, na rangi pale ilikuwa imevimba na kulowa. Nyamizi akaibonyeza ikabanduka. Akaingiza vidole, kisha kiganja, kisha mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Alipoutoa ulikuwa unachuruzika. Akaunusa, akautazama, akageuka kushuka.

Siku ileile aliezua mabati yake, akayafunga kamba, akawapandisha wanawe kilimani nyuma ya stesheni. Majirani walimuuliza chanzo chake. Akawaonyesha mkono. Familia kumi na moja zikamfuata.

Mia saba themanini na nane zikabaki, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Sikudhani akaacha kusimulia. Alikwenda mlango hadi mlango na ombi moja: twende ukutani, ukaushike. Wengine walikwenda, wakarudi wakaezua. Wengi walisema watakwenda wakimaliza kupanda mbegu, au wakimaliza kula, au Jumapili. Askari alimwonya mara mbili kwa kosa la kuhamasisha miguu ya watu. Alikuwa amevimba magoti na sauti imemkauka, lakini alikwenda. Mlango ukifungwa alihamia wa pili.

Mvua ilianza Alhamisi asubuhi. Alikuwa amefika nyumba ya mia tatu na kumi na mbili. Alibisha hodi kwa kiganja kizima, na aliyefungua ni kijana mmoja mwenye mtoto begani, nyuma yake mkewe anasonga ugali. Kijana alimwona jinsi alivyolowa, huruma ikamjaa usoni, akasogea kando kumpisha.

"Ingia ndani, mama, usinyeshewe."

Sikudhani alibaki palepale kizingitini, maji yakimtiririka machoni, akaushika mlango usifungwe, akaanza kuwaomba watoke wao.